Dereva wa Shehena Nzito ni Fundi, Apewe Haki ya Fundi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twaikumbuka methali hiyo kila tuonapo msafara wa shehena nzito ukipita katika barabara zetu kuu. Gari dogo limetangulia likiwaka taa za njano, askari wa usalama barabarani yuko kando akisimamisha magari, na nyuma yake linakuja tela refu lenye matairi mengi kuliko mtu awezavyo kuhesabu, limebeba kitu kikubwa kama nyumba kilichofunikwa turubai. Abiria wa mabasi huguna kwa kucheleweshwa. Watoto wa shule hushangilia. Kisha msafara hupita, vumbi hutua, wala hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshika usukani ule, alijifunza wapi kazi ile, ameajiriwa kwa mkataba gani, na siku atakapostaafu ujuzi wake atamwachia nani.

Leo twataka kuuliza sisi.

Litazameni Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla yake megawati 2,115; na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024. Wahandisi wamesifiwa, na sifa hizo ni haki yao. Lakini hakuna hata mtambo mmoja uliofika Rufiji kwa miguu yake. Kadhalika bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, nalo limeungwa kwa vipande vya mita 18. Msomaji na agawanye mwenyewe: ni vipande zaidi ya 80,000, ambavyo kabla ya kulazwa ardhini vilipaswa kupita katika kiwanda cha kuvifunika kilichoko Sojo, wilaya ya Nzega. Migodi ya Geita na Bulyanhulu nayo haichimbi kwa majembe ya mkono. Kila kijiko, kila kinu cha kusagia mawe na kila jenereta vilivyoko huko vilipanda tela, na juu ya kila tela palikuwa na watu.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Shehena nzito si lori lililojazwa kupita kiasi kwa tamaa ya mwenye mali. Hilo ni kosa, na dawa yake ni faini. Shehena nzito ni mzigo usiogawanyika. Gunia la mahindi likizidi utalishusha, lakini transfoma ya umeme huwezi kuikata vipande viwili ukaisafirisha kwa zamu. Sasa, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Wako madereva wanaodhani kwamba kikomo hicho ni hila ya watu wa mizani kuwatoza fedha. Sivyo. Majaribio yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli juu ya barabara hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Yaani ekseli ya tani 10 ukiibebesha tani 12 hukuongeza madhara kwa sehemu moja ya tano, bali umeyafanya maradufu. Basi transfoma ya tani 120 itapitaje juu ya barabara ile ile bila ya kuiacha magofu?

Hapo ndipo ufundi unapoanza, nasi twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana wengi wanaodharau kazi hii hawajapata kuelezwa.

Mzigo kama huo hutafutiwa tela la vipande vinavyounganishwa, la namna inayotengenezwa na Goldhofer wa Ujerumani au Nicolas wa Ufaransa. Kila mstari wa ekseli zake una matairi 8. Kila mstari hujipinda wenyewe katika kona. Na mafuta yaliyomo katika jeki zake huugawa uzito sawasawa hata tairi moja linapoingia shimoni. Tuseme tela lina mistari 15, na uzito wake lenyewe ni tani 45. Ukijumlisha transfoma unapata tani 165. Kila mstari umebeba tani 11, na kila tairi halifikii hata tani moja na nusu. Barabara imesalimika. Lakini hesabu hiyo ni kweli pale tu mzigo unapokaa mahali pake hasa. Transfoma ikisogezwa nusu mita mbele, mistari ya mbele hubeba isichopaswa na ya nyuma hupungukiwa. Anayejua hayo kwa jicho na kwa kalamu, akasimama chini ya winchi na kumwashiria mwendeshaji wake alete kidogo, kidogo tena, simama, huyo si kibarua.

Halafu kuna kufunga. Kanuni inayofuatwa Ulaya yataka minyororo, pamoja na msuguano wa sakafu ya tela, iweze kuuzuia mzigo kwa nguvu iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wake kuelekea mbele, na nusu ya uzito wake kuelekea kando na nyuma. Kwa kijiko cha tani 40, hizo ni tani 32 zinazotaka kuingia ndani ya chumba cha dereva siku atakapokanyaga breki kwa ghafla. Mwenye kufunga mnyororo mmoja na kusema Mungu atasaidia, anamsingizia Mungu.

Kabla ya hayo yote njia imekwisha kupimwa. Mtu ametangulia siku nyingi akiwa na futi na daftari, akaandika kila daraja na kila kalvati, kila waya unaoning'inia, kila kona ya mjini ambapo mkia wa tela utapanda ukingoni. Kibali kimeombwa kwa TANROADS. Na siku ya safari, kichwa kimoja huvuta mbele na kingine husukuma nyuma, nao madereva hao wawili hawaonani uso kwa uso. Hupatana kwa redio tu. Mlima ukianza, wa nyuma aongeze nguvu kwa wakati ule ule anaoongeza wa mbele. Mteremko ukianza, wa nyuma huyo huyo hugeuka kuwa breki. Mmoja akikosea gia, mwenzake huisikia katika kiti chake.

Atakaye kuona tofauti ya fundi na mbabaishaji, na asimame Kitonga, pale Iringa, barabara inaposhuka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Mbabaishaji huingia mteremkoni na gia ya juu, kisha huanza kuizuia gari kwa mguu. Breki hupata moto, ngoma zake hutoa moshi, harufu ya kuungua hupanda mpaka dirishani. Na wakati anapotaka kushusha gia amekwisha kuchelewa, haiingii tena. Fundi huweka gia ya chini kabla hajauona mteremko wenyewe, akaiacha injini ishike, na mguu wake hugusa breki mara moja moja tu kama mtu anayebisha hodi. Hushuka taratibu, hata walio nyuma humtukana. Naye huwaacha watukane.

Ujuzi huo haukuanza jana katika nchi hii. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uwongo na Zambia ikakatiwa mafuta ya njia ya kusini, shehena za jirani zetu ziligeukia Dar es Salaam. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa masika, hata wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta yakarudi na shaba. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya malori zikishirikiana na Waitaliano. Kisha bomba la TAZAMA likakamilika 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakamilika 1975. Mapipa yalipungua barabarani. Lakini kizazi kile cha madereva kilikuwa kimekwisha kujua kila kilima kutoka Chalinze mpaka Tunduma, na kilijifunza kwa kuzika wenzake. Je, ujuzi wao uliandikwa katika kitabu gani cha kufundishia vijana? Wengi wao wametangulia mbele ya haki, nao wamekwenda nao.

Na hivi ndivyo ujuzi unavyoendelea kurithishwa hata leo: kwa kudokoa. Kijana huanza utingo. Huosha gari, hupika ugali kando ya barabara, hulala chini ya tela kulinda mafuta na betri, na katika kuzunguka zunguka huko hutazama mkubwa wake anavyofanya. Mwandishi wa makala haya alipata kusafiri na gari moja la kubeba mitambo, ambalo utingo wake alikuwa na miaka 11 katika kazi. Kila tuliposimama alishuka na nyundo, akagonga tairi moja moja, na kwa mlio tu akalitambua lililopungua upepo. Alijua kufunga kijiko kuliko dereva. Nilipomwuliza ana karatasi gani mkononi, alicheka. Hakuwa na cheti wala mkataba, wala jina lake halikuwamo katika daftari la tajiri. Alilipwa na dereva kutoka katika posho ya safari. Kama mnyororo ungekatika siku ile ukampiga, asingehesabiwa kuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Miaka 11!

Leseni nayo haisaidii kutenganisha pumba na mchele. Daraja E humruhusu mtu kuendesha lori la saruji, na daraja hilo hilo ndilo alilo nalo yule anayevuta transfoma. Hatusemi kwamba nchi haina vyuo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo tangu 1975, na VETA wamefundisha madereva wa magari makubwa pale Kihonda, Morogoro. Twasema kwamba cheti cha gari kubwa si cheti cha shehena nzito, kama vile cheti cha uuguzi si cheti cha upasuaji. Huko Marekani, katika baadhi ya majimbo kama Washington, hata anayeendesha lile gari dogo la kutangulia msafara sharti awe amesoma na kupewa cheti. Kwetu gari hilo mara nyingi hupewa yeyote aliye karibu.

Tunajua kuna neno litakalotajwa hapa, nalo ni mgomo. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori walisimamisha kazi, na mapema Mei mwaka huo huo wakasimama tena. Walikataa sharti la kurudi darasani kila wanapotaka kuhuisha leseni, tena kwa gharama zao wenyewe. Na walidai mikataba ya ajira. Sharti lile likawekwa kando. Sisi twasema bila ya kificho kwamba katika madai ya mikataba walikuwa na haki kabisa, na katika suala la gharama walikuwa na haki pia, kwa sababu haiwezekani mtu asiye na mshahara wa uhakika aambiwe ajisomeshe kwa faida ya tajiri. Lakini wapo waliotoka katika mgomo ule wakiamini kwamba wamekishinda chenyewe kitendo cha kusoma. Hao hawakushinda kitu. Dereva asiyesoma ndiye anayebadilishwa kwa urahisi kuliko wote, na tajiri analijua hilo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa juma. Wala kwa siku moja zisizidi 12 pamoja na ziada. Twende sasa barabarani tuone. Madereva wengi hulipwa kwa safari. Kwa anayebeba vitambaa au sukari, malipo hayo humfanya akimbie, akakosa usingizi na kutafuna mirungi, nalo ni jambo baya la kutosha. Kwa anayebeba shehena nzito, malipo hayo ni kichekesho. Msafara wake huenda mwendo wa baiskeli. Kibali chake humtaka asafiri mchana. Huenda akangoja siku mbili waya wa umeme uinuliwe. Basi kadiri anavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo safari zake zinavyokuwa chache na mfuko wake mwepesi. Na yule anayeharakisha, akaruka kupima upepo na kukaza minyororo, ndiye anayeshiba. Mpango wa malipo unaomwadhibu fundi na kumtunza mzembe hauwezi kujenga fani yoyote, hata tukifungua vyuo kumi. Kwa hiyo neno la kwanza ni mshahara wa mwezi na posho ya siku, si ya safari. Hilo likikataliwa, mengine yote tunayoyasema hapa ni maneno ya barazani.

Tajiri atajibu kwamba akimsomesha dereva, jirani atampokonya. Jibu hilo tumelisikia sana, na halikosi ukweli. Lakini waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Ni haki yao kudai kwamba sehemu ya fedha hizo ifundishe watu wa kazi hii, badala ya kila mmoja kumnyima mtu wake elimu ili asiibiwe. Na dereva aliyesomeshwa anaweza kufungwa na mkataba wa miaka kadhaa ya kutumika, jambo ambalo halina aibu. Aliyepewa mshahara mzuri hapokonywi kwa urahisi.

Liko jingine la kutazamwa kwa macho makali zaidi. Tela la mistari 15 linapoletwa nchini kwa kazi kubwa, mara nyingi huja na mtu wake, mgeni, anayetembea kando yake ameshika rimoti ya kuliongoza. Hatuna ugomvi na mgeni huyo; anaijua kazi, na tunashukuru mizigo inafika. Ugomvi wetu ni kwamba Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri aliyemleta awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Je, mpango huo umeandikwa? Kijana aliyewekwa kando yake kujifunza ni nani? Ameishika rimoti kwa saa ngapi, au kazi yake imekuwa kumbebea mgeni chupa ya maji? Afisa wa kazi anayepitia kibali cha mgeni na aulize maswali hayo matatu kabla ya kugonga muhuri wa kuongeza muda. Hayana gharama.

Kwa utingo anayesoma haya, pengine katika gazeti lililofungiwa vitumbua, tuna machache. Usingoje kufunguliwa chuo. Nunua daftari. Kila mzigo unaofungwa andika uzito wake, idadi ya minyororo, mahali ilipofungwa, na kilichotokea njiani. Jifunze hesabu ya kugawa uzito juu ya ekseli. Si ngumu kuliko hesabu za darasa la saba. Jitahidi kusoma kile kijitabu cha tela, maana kimeandikwa kwa Kiingereza na wengi hukiacha kikae chini ya kiti mpaka panya wakile. Jua mafuta ya jeki yanavyotembea, maana siku jeki ikilegea katikati ya daraja hakutakuwa na mtu wa kupigia simu. Na mirungi iache. Mwenye miaka mitano katika daftari kama hilo, akiwa na leseni safi, ana cha kumwonyesha mwajiri. Mbele yake kuna udereva wa tela la chini, kisha tela la vipande, kisha usimamizi wa msafara, kisha upimaji wa njia na upangaji wa mizigo, kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya hata baada ya macho na mgongo kuchoka. Twasema haya kwa mabinti pia. Rimoti haiulizi mikono ya nani.

Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji nacho kisijishughulishe na mishahara peke yake kikaacha suala la cheti, kwa kuwa cheti ndicho kinachompa mfanyakazi ubavu wa kudai mshahara. Kikae na chuo cha Mabibo, na VETA, na TANROADS, na wenye magari, waandike pamoja mtaala wa shehena nzito na ngazi zake. Watahini wa kwanza wasitafutwe mbali. Wapo madereva wastaafu Tunduma, Makambako na Mbagala, wengine wanauza vipuri, wengine wamekaa tu nyumbani. Waitwe sasa, wakiwa bado na nguvu za kupanda ngazi ya lori. Na mtihani usifanywe darasani tu: ufanywe Kitonga, gari likiwa na mzigo, mtahiniwa ameshika usukani, na mzee amekaa kiti cha utingo na kalamu yake.